CogAT si Darasa la Saba: tuisheni ya mtoto wa miaka mitano na mipaka yake

Oktoba ikikaribia, simu za akina bibi wa Nyegezi, Buzuruga na Kirumba huanza kupokea mafaili. Mtoto yuko Mwanza, wazazi wako Texas au Minnesota, viza inakaribia kutoka, na shule atakayokwenda ina darasa la watoto wenye vipawa ambalo huingiwa kwa mtihani, kama ule uitwao CogAT. Baba anatuma kurasa sitini, mama mdogo anazipeleka steshenari ya Makoroboi kuchapa, na jioni mtoto wa miaka mitano anakalishwa mkekani kujaza viduara kwa penseli. Kwa watoto waliokwisha kufika huku Marekani hali ni ile ile, ila mwalimu wa tuisheni analipwa kwa dola na kwa saa.

Mjadala wa jambo hili kwenye makundi yetu ya WhatsApp una kambi mbili. Wapo wanaosema huo ni wizi wa nafasi za watoto wa wenzetu, na wapo wanaosema kila mtu anafanya, tusijifanye watakatifu. Kambi zote mbili zinaruka hatua ya kwanza, ambayo ni kuuliza mtihani wenyewe unapima nini.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumelelewa na mtihani mmoja mkubwa, Darasa la Saba, na huo unapima ulichofundishwa. Silabasi inajulikana, mitihani ya miaka iliyopita inauzwa hadharani, na mtoto aliyekaa tuisheni hadi akaelewa kugawanya sehemu amejua kweli kugawanya sehemu. Tuisheni ya namna hiyo inaweza kuwa mzigo kwa mtoto, inaweza hata kuwa biashara ya mwalimu anayebania kipindi cha mchana ili auze cha jioni, lakini alama inayopatikana haisemi uongo kuhusu mtoto. Hata shule zetu za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, huchukua wanafunzi kwa ufaulu wa mtihani huo huo wa masomo.

CogAT, NNAT na OLSAT, mitihani inayotumiwa sana Marekani kuchuja watoto wenye vipawa, inafanya kazi kwa njia nyingine. Inampa mtoto fumbo asilowahi kukutana nalo, kisha inatazama analifumbua vipi. Alama yake inalinganishwa na za maelfu ya watoto wa umri wake ambao nao walikuwa wageni wa mafumbo hayo. Ugeni ndio kipimo. Mtoto aliyepitia mafumbo mia nne ya aina hiyo kabla ya siku ya mtihani amepimwa kitu kingine, kumbukumbu pengine, au uvumilivu wa mama yake. Tabia tuliyoichukua Mwanza, ya kudhani kila mtihani ni Darasa la Saba na dawa yake ni kurudia hadi usiku, ndiyo inayotupotosha hapa.

Hata hivyo mtoto ambaye hajawahi kuona karatasi ya namna hiyo naye anapimwa vibaya. Anapoteza maswali ya mwanzo akijaribu kuelewa anatakiwa kufanya nini, huku mwenzake aliyecheza michezo ya mafumbo kwenye tableti tangu akiwa na miaka mitatu ameshaanza kujibu. Ndiyo maana kampuni inayotoa CogAT yenyewe ina mazoezi mafupi ambayo mwalimu hufanya na darasa zima kabla ya mtihani. Kumzoesha mtoto aina ya swali ni haki yake. Kumlisha maswali hadi asiwe na jipya la kukutana nalo ni kuivuruga alama. Kati ya hayo mawili kuna kiasi, na kiasi hicho kinaweza kutajwa.

Kabla ya kugusa zoezi lolote, iandikie ofisi ya programu ya vipawa ya wilaya yako ya shule uulize mambo manne: ni mtihani gani, ni ngazi gani, unafanywa kwa karatasi au kompyuta, na kama nafasi zina kikomo. CogAT ya Kindergarten, yaani mwaka wa kwanza wa shule kwa mtoto wa miaka mitano, ni ngazi ya 5/6. Darasa la kwanza ni ngazi ya 7, la pili ni 8. Katika ngazi hizo mtoto hasomi kitu. Msimamizi, au sauti ya kompyuta, ndiye anayesoma swali, na mtoto huchagua picha. Hakuna saa ya kumkimbiza, kwa sababu darasa zima huenda swali kwa swali kwa mwendo wa msimamizi. NNAT ni tofauti: maswali 48 ya maumbo matupu kwa dakika 30. Utakuta mzazi amenunua saa ya kuhesabu dakika kwa ajili ya CogAT ya ngazi ya chini, anamfundisha mtoto haraka ambayo haihitajiki, na haraka hiyo ndiyo inayomfanya achague picha ya kwanza inayofanana.

OLSAT ya watoto wadogo ina mtego wake. Swali husomwa mara moja tu. Mtoto aliyezoea kusema "eti?" na kurudiwa hukosa maswali anayoyaweza. Hili unaweza kulizoesha bila kitabu chochote: mpe agizo lenye sehemu mbili, "weka kikombe chekundu chini ya meza, halafu lete kijiko," na usirudie.

Swali la nafasi kuwa na kikomo ndilo lenye uzito zaidi kimaadili. Kuna wilaya ambazo kila aliyevuka mstari anahudumiwa. Huko mtoto aliyepigwa msasa kupita kiasi hamnyang'anyi mtu kiti, ingawa anaweza kujiumiza mwenyewe. Kuna nyingine ambazo viti ni 25 na waliovuka ni 60. Huko kila alama iliyonunuliwa ina mtoto mwingine aliyebaki nje, na mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake walikuwa zamu ya usiku na hawakujua kuna mtihani. Kwa Waafrika Mashariki wengi huku, huyo ni mtoto wa jirani tunayesali naye.

Tazama hesabu yenyewe. Wastani wa CogAT umewekwa kuwa 100. Mwenye 130 amewapita takriban watoto 97 katika kila 100 wa umri wake, na mwenye 126 amewapita takriban 95. Tofauti ni alama nne, ambazo ni maswali machache tu. Chukua watoto 1,000, na mstari wa kuvuka uwe 130: waliofika kwenye 97 ni kama 30, waliofika kwenye 95 ni kama 50. Wale 20 wa katikati ndio soko la tuisheni. Mwalimu wa tuisheni anajua kwamba kumtoa mtoto 105 hadi 130 ni ndoto, lakini kumsogeza kutoka 126 kunawezekana, hata kwa bahati, kwa sababu mtoto huyo huyo akipimwa wiki mbili tofauti bila maandalizi yoyote anaweza kupanda au kushuka kiasi hicho. Kwa hiyo ukiona tangazo linalojisifu kwamba wateja wake wengi walipita, jiulize wangapi wangepita bila kulipa. Tangazo halitakuambia.

Kiasi kinachotosha

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita: dakika 10 hadi 15 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, wiki mbili au tatu kabla ya mtihani. Basi. CogAT ina makundi matatu, maneno, hesabu na maumbo, na kila kundi lina sehemu tatu, kwa hiyo jumla ni aina 9 za maswali. Mifano minne au mitano ya kila aina inatosha kumfanya mtoto aelewe anachoulizwa. Zaidi ya hapo unachoongeza ni mazoea.

Aina nyingi hazina ugumu wa kuzieleza. Inayofaa kutazamwa kwa karibu ni ile ya karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi mahali kufundisha kunapoishia na kupiga msasa kunapoanzia. Kata karatasi ya A4 iwe mraba wa sentimita 21 kila upande. Ikunje katikati mtoto akiona. Kwa ncha ya msumari, toboa tundu moja sentimita 3 kutoka kwenye mkunjo. Usiikunjue. Mpe mtoto karatasi nyingine nzima, achore mahali anapodhani matundu yatakuwa, kisha mkunjue pamoja.

Makosa yake yatakuwa ya namna tatu na kila moja lina maana yake. Akichora tundu moja, amesahau kwamba chini kuna karatasi nyingine. Akichora mawili lakini yote upande mmoja, amehesabu bila kuona. Akichora moja karibu na mkunjo na lingine huko pembeni, ameelewa kwamba pande ni mbili ila bado hajashika kwamba umbali kutoka kwenye mkunjo ni uleule. Mwache akunje na kutoboa mwenyewe mara tano au sita, ataona. Hapo umefundisha.

Mwalimu wa tuisheni anayelipwa kwa matokeo hana muda wa hayo. Anampa mtoto kanuni: mkunjo mmoja, zidisha kwa mbili, mikunjo miwili, zidisha kwa nne. Kanuni inafanya kazi kwenye kitabu chake cha mazoezi na mzazi anafurahi. Sasa chukua ule mraba wa sentimita 21, ukunje ukanda wa sentimita 7 tu kutoka ukingoni uulaze juu ya karatasi. Una umbo la upana wa sentimita 14, nusu yake ina tabaka mbili na nusu ina tabaka moja. Toboa kwenye tabaka moja. Mtoto wa kanuni atajibu matundu mawili bila kusita. Yule aliyekunja karatasi kwa mikono yake atainama atazame kwanza.

Maswali ya uhusiano nayo hufundishika kwa Kiswahili, wala huhitaji kusubiri mtoto ajue Kiingereza. Mtumbwi kwa ziwa ni kama baiskeli kwa nini? Watoto wengi wa umri huo hujibu "kengele," kwa sababu baiskeli ina kengele. Wamechagua kitu kinachoambatana na baiskeli badala ya kinachohusiana nayo kama ziwa linavyohusiana na mtumbwi. Usimwambie jibu ni barabara. Muulize mtumbwi unafanya nini ziwani, aseme unapita, halafu umuulize baiskeli inapita wapi. Kiota kwa ndege, mzinga kwa nani? Kasia kwa mtumbwi, pedali kwa nini? Fanya hivyo mkiwa kwenye daladala au mkichambua dagaa. Akili ya kuona uhusiano ikishajengeka kwa Kiswahili haibaki Mwanza ndege ikipaa.

Kinachobaki nyuma ni majina ya vitu. Mtoto wa Igoma hajui glovu za theluji, koleo la kuzolea theluji, mashine ya kubanikia mkate wala sanduku la barua lililosimama mbele ya nyumba. Picha za vitu hivyo zinaweza kutokea, na asipovitambua anakosa si kwa kushindwa kufikiri. Kumfundisha mtoto majina ya vitu vya mahali anapokwenda kuishi ni malezi ya kawaida. Hakuna mtahini atakayekulaumu.

Kosa dogo la kiufundi ambalo hugharimu sana: NNAT hutegemea rangi, hasa bluu na njano. Kurasa hizo zikitolewa kopi nyeusi na nyeupe, bluu inakuwa kijivu, njano inapauka, na maumbo mawili tofauti yanageuka kuwa moja. Mtoto anachagua jibu lililo sahihi kwa jicho lake, anaambiwa amekosa, na baada ya kurasa kumi anaacha kuliamini jicho lake. Chapa kurasa mbili za rangi, achana na sitini za kijivu.

Kama mtihani ni wa kompyuta, siku moja ya kushika mausi na kuvaa hedifoni ina faida kuliko wiki nzima ya mafumbo. Mtoto aliyezoea simu ya bibi hugusa kioo kwa kidole na kushangaa kwamba hakuna kinachotokea. Mwambie pia kwamba akikosa hakatwi alama, kwa hiyo asiache swali.

Bibi, simu na jibu la tatu

Mazungumzo kati ya Mwanza na huku kwa kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mama. Zile karatasi usimpe zote kwa mara moja."

"Marahaba mwanangu. Ameshamaliza ishirini. Akikosea namrudishia palepale mpaka apate."

"Akikosea usimpe jibu, muulize ameona nini."

"Nikimuuliza ananiambia bibi hiyo naijua, ni ya tatu."

Hiyo "ni ya tatu" ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Mtoto ameacha kutazama picha na kuanza kukariri mahali jibu lilipo. Ukiisikia, zoezi hilo limekufa, usilirudie. Watahini wenye uzoefu wanazijua dalili nyingine pia: mtoto anayejibu kabla swali halijaisha, anayesema "hii nimeshaiona," anayeeleza jibu kwa maneno ya mtu mzima, au anayeng'ara kwenye aina mbili za maswali na kuanguka kwenye nyingine za kiwango kilekile. Dalili za mwili anazijua bibi: tumbo linauma kila jioni saa ya karatasi, kitabu kimefichwa chini ya godoro, mtoto analala kabla ya kula. Moja ikitokea, simamisha. Hakuna programu ya vipawa inayolipia hilo.

Ukitaka kukaa mwenyewe na mtoto kwa simu, kumbuka kwamba saa 10 jioni Mwanza ni saa 2 asubuhi New York wakati wa baridi, na Texas ni saa 1. Jumamosi ndiyo siku. Dakika kumi za vitendawili na karatasi ya kukunja, bando likikata si msiba.

Wapo pia wanaoingia mahali pasipo na ubishi wowote. Mitihani ya akili inayofanywa ana kwa ana na mwanasaikolojia, kama WPPSI na WISC, hutumia vifaa maalumu, vikiwemo vibao vidogo vyekundu na vyeupe vya kupangia maumbo, na vifaa hivyo huuzwa kwa wataalamu wenye sifa tu. Mtu akikuuzia picha za kijitabu halisi cha mtihani, hilo ni kama NECTA kuvuja, na jina lake unalijua. Hasara yake huzidi ile ya kufukuzwa kwenye programu. Mtoto akija kushindwa kusoma akiwa darasa la tatu, mtihani huo huo ndio mtaalamu angeutumia kutafuta tatizo liko wapi. Umeshauharibu. Kwa sababu hiyo hiyo mtaalamu mwaminifu hatampima mtoto kwa kipimo kilekile mara mbili ndani ya miezi michache, na akikuuliza kama mtoto ameshakiona, mwambie ukweli.

Kuna uongo mwingine ambao watu wetu huusema kwa nia njema, na unawagharimu. Unapomwandikisha mtoto shule Marekani hupewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wengi huandika Kiingereza, wakiogopa mtoto atawekwa na "wageni." Kwa kufanya hivyo wanamfungia milango aliyostahili. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, CogAT inaruhusu sehemu ya kukamilisha sentensi iachwe na alama ya kundi la maneno ikokotolewe kwa zile mbili za picha. Katika jimbo la Florida kiwango cha kawaida cha programu ya vipawa ni 130, lakini sheria ya jimbo inaziruhusu wilaya kuwa na mpango mbadala kwa watoto wanaojifunza Kiingereza au wa familia zenye kipato kidogo. Katika wilaya ya Broward mpango huo umewahi kutumia 116. Mzazi anaandika "Kiingereza" kwenye fomu, halafu analipa tuisheni ili mtoto afike 130. Andika Kiswahili. Andika na Kisukuma kama kinasemwa nyumbani. Na kama barua za shule huzielewi vizuri, shule inapaswa kukupatia mkalimani, omba.

Broward hao hao wana somo kuhusu lile la "kila mtu anafanya." Mwaka 2005 waliacha kusubiri wazazi na walimu wapendekeze watoto, wakaanza kumpima kila mtoto wa darasa la pili. Idadi ya watoto weusi, wa Kihispania na wa familia maskini walioingia kwenye programu ilipanda sana. Watoto hao walikuwepo siku zote. Hapakuwa na mtu wa kuwapeleka kwenye mtihani. Bajeti ilipobana, upimaji huo ukapunguzwa na faida nyingi zikapotea. Ukiwa na nguvu ya kupiga kelele kwenye mkutano wa wazazi, kelele hiyo ina maana kuliko kuhoji kwa nini mtoto wa Mhindi amepita.

New York walikwenda njia nyingine. Kuanzia 2008 waliweka mtihani mmoja kwa jiji zima kwa watoto wa miaka minne. Kinadharia ilitosha kuwapita 97 kati ya 100 kuomba shule chache za jiji zima. Kwa vitendo viti vilikuwa vichache hivi kwamba wengi waliopata walikuwa na 99. Biashara ya kuandaa watoto wa miaka minne ikashamiri. Mwaka 2021 bodi ya elimu ya jiji ilikataa kuongeza mkataba wa mtihani huo, na nafasi zikaanza kutolewa kwa mapendekezo ya walimu wa chekechea na bahati nasibu. Bado utakuta vitabu vya OLSAT vya New York vinauzwa kwa wageni wasiojua. Kwa Uingereza nitapita haraka, kwa kuwa mtihani wa kuingia shule 163 za kuchagua wanafunzi hufanywa na watoto wa miaka 10 au 11 na una masomo ndani yake: huko waliwahi kuleta mtihani uliotangazwa kuwa mgumu kufundishiwa, na haukupita muda vitabu vya kuufundishia vikajaa madukani.

Mtoto anayeingia kwa alama ya kununua hukutana na darasa linalokwenda kwa mwendo wa alama hiyo. Masomo ya mwaka hubanwa katika miezi michache na kurudiarudia huondolewa, maana watoto wa darasa hilo hawadhaniwi kuhitaji. Aliyefundishwa kanuni ya "zidisha kwa mbili" anahitaji kurudiarudia. Baadhi ya wilaya humpima tena baada ya muda na kumtoa, na mtoto wa miaka saba anayetolewa hajui habari za alama nne. Anajua kwamba alikuwa na akili na sasa hana.

Nyumbani nako jambo hili lina pacha wake, intavyu ya kuingia darasa la kwanza kwenye inglishi midiamu za Mwanza. Shule ya serikali haina intavyu; mtoto huandikishwa kwa umri, na bila ada. Kwenye shule binafsi mtoto huulizwa kusoma sentensi za Kiingereza na kujumlisha, na kwa sababu hiyo chekechea zetu zimegeuka kambi za mitihani hadi saa 11 jioni. Intavyu ya namna hiyo haipimi kipawa na haisingizii kupima. Inapima ada ambayo mzazi alilipa chekechea. Mkuu wa shule anayetaka kujua mtoto anajifunza vipi angemfundisha mchezo mpya kwa dakika kumi, mdako wa kanuni zilizobadilishwa kwa mfano, kisha atazame kama ameushika. Hilo hakuna tuisheni ya kuliandaa. Wenye shule wengi wanalijua, ila foleni ya wazazi walioshika bahasha za matokeo ya chekechea ni tangazo zuri kwao.

Barua ya matokeo ikifika, kabla ya kushangilia au kukata rufaa, tazama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Alama za mitihani hii hukokotolewa kwa umri wa miaka na miezi, na sisi huanza na siku wakati Wamarekani huanza na mwezi. Mtoto aliyezaliwa 05/11/2019, yaani tarehe 5 Novemba, akiingizwa kwenye mfumo kama wa 11 Mei, amezeeshwa miezi sita na kulinganishwa na watoto wakubwa kuliko yeye, na alama yake imeshuka bila kosa lake. Tuma nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA kwa ofisi inayosimamia mitihani wilayani, mwezi ukiwa umeandikwa kwa maneno, uombe alama ikokotolewe upya. Mtoto hahitaji kurudia mtihani. Kwa aliyezaliwa tarehe 11 Mei akasomwa kama wa 5 Novemba, alama imepanda isivyostahili, na cheti kinatumwa ofisi hiyo hiyo.